Skinner au Rogers: yupi tumpe darasa, yupi tumpe maktaba

Maktaba ya shule yetu, huku Tanga, zamani ilikuwa stoo ya majembe na mafagio. Leo ina rafu nne, mkeka mmoja mkubwa na vitabu visivyofika mia tatu. Nilipokabidhiwa ufunguo nilikuwa na imani moja tu: mtoto akiachiwa achague kitabu akipendacho, atasoma. Mwalimu mwenzangu wa Darasa la Kwanza alinicheka. Yeye alitaka chati ya nyota ukutani: kitabu kimoja nyota moja, nyota kumi peni mpya. "Dada yangu," aliniambia, "mtoto haoni raha kwenye kitu asichokiweza. Mvute kwanza."

Tulivutana muhula mzima, na kumbe mvutano wenyewe una umri mkubwa kuliko sisi. Carl Rogers na B. F. Skinner, wanasaikolojia wa Kimarekani, walilijadili jambo hilohilo hadharani, na hoja zao zikachapwa katika jarida la Science mwaka 1956. Je, binadamu hufinyangwa na mazingira yake, au hukua kutoka ndani akipewa nafasi? Kila anayeshika chaki au anayeazimisha vitabu amekwisha kulijibu swali hilo kwa vitendo, hata kama majina ya wawili hao hajapata kuyasikia. Nawaweka hapa ubavu kwa ubavu, kwa ajili ya mwalimu au mkutubi anayetaka kujua amfuate nani na wapi. Upande wangu ninao, ila haukubaki pale ulipokuwa.

Wanavyomwona anayejifunza

Skinner aliingia katika mambo ya shule kwa sababu ya binti yake. Mwaka 1953 alikwenda kutazama somo la hesabu darasani kwa mtoto huyo, akaona mambo mawili yaliyomkera. La kwanza, wote walilazimishwa kwenda mwendo mmoja: aliyemaliza akae bure, aliyekwama aachwe amekwama. La pili, hakuna aliyejua kama amepata au amekosa mpaka daftari lisahihishwe, pengine kesho yake. Akaenda kuunda mashine ya kufundishia. Unapewa swali dogo, unajibu, papo hapo unaona kama umepatia, unasonga hatua nyingine ndogo. Hiyo ndiyo nadharia ya tabia ikiwa kazini. Haiulizi sana mwanafunzi ana nini moyoni. Inatazama anachofanya na kinachofuata baada ya kukifanya, kwa kuwa kitendo kinachofuatwa na jema hurudiwa.

Rogers yeye alitokea kwenye ushauri nasaha. Kwa miaka mingi alikaa na watu wenye shida zao, akaona kwamba kuambiwa la kufanya hakuwasaidii kama kusikilizwa na mtu asiyewahukumu. Wazo hilo akalipeleka shuleni, na mwaka 1969 akaliandikia kitabu kizima. Kwake mwalimu ni mwezeshaji, na anadaiwa mambo matatu: awe mkweli asiyejificha nyuma ya cheo, amthamini mwanafunzi kama alivyo, hata kabla hajafaulu, na ajitahidi kuliona somo kwa macho ya yule anayejifunza. Elimu inayomwingia mtu, alisema, ni ile aliyoianza mwenyewe na anayeipima ni yeye mwenyewe.

Pamoja na Rogers hutajwa Abraham Maslow, aliyeandika mwaka 1943 kwamba mahitaji ya binadamu yana ngazi: chakula na usingizi, usalama, kupendwa na kuwa na wenzako, kuheshimiwa, kisha kuwa yule ambaye unaweza kuwa. Ile piramidi tuliyoinakili ubaoni chuo cha ualimu, kwa taarifa yako, Maslow hakuichora katika makala yake. Ni kazi ya waliokuja baadaye. Hawa ndio wazee wa nadharia ya ujifunzaji ya kiutu.

Kwanza tuitoe fimbo

Wengi hudhani kumchagua Skinner ni kuchagua ukali, na kumchagua Rogers ni kuchagua upole. Hapana. Skinner aliipinga adhabu: alisema inanyamazisha kitendo kwa muda tu, haifundishi kitendo kipya, na inamzoeza mtoto kumkwepa anayemwadhibu. Kenya iliviondoa viboko shuleni mwaka 2001. Kwetu Tanzania kanuni bado zinaviruhusu, visizidi vinne, tena kwa idhini ya mkuu wa shule. Basi mwalimu anayemchapa mtoto kwa kukosea silabi hana nadharia yoyote nyuma yake. Anarudia alivyochapwa yeye.

Kusoma kwa mara ya kwanza

Muhula ule wa kwanza niliwakalisha Darasa la Tatu mkekani, kila mmoja na kitabu alichojichagulia. Chumba kilitulia kama msikitini, nikajisifu. Wiki ya tatu nikakaa karibu na mtoto mmoja nikamwomba anisomee ukurasa aliokuwa ameufungua. Akatazama picha, akanisimulia hadithi tamu kabisa ya kobe na mpunga. Katika ukurasa ule hapakuwa na kobe. Nikaenda kwa wa pili, nikaenda kwa wa tatu. Kati ya watoto arobaini na wawili, kumi na mmoja walikuwa wakigeuza kurasa tu.

Hapo ndipo nilipokubali kwamba kuna mambo ambayo hayakui kutoka ndani ya mtu. Herufi ni mapatano. Hakuna chochote rohoni mwa mtoto kitakachomwambia kwamba kijiti chenye tumbo upande wa kulia kinatamkwa /b/. Lazima aambiwe na anayejua, arudie, asahihishwe palepale, arudie tena. Na Kiswahili kinamrahisishia, maana kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Akizishika ba be bi bo bu za konsonanti zote, mlango umefunguka. Kazi ya hatua ndogondogo zenye majibu ya haraka ni kazi ya Skinner, na kwa hatua hii nampa darasa bila kusitasita.

Siyo maoni yangu peke yangu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Marekani ilianzisha mradi mkubwa ulioitwa Follow Through, kulinganisha njia mbalimbali za kuwafundisha watoto wa familia maskini, kuanzia zile za kumpa mtoto uhuru wa kuchagua shughuli hadi ile ya kufundisha moja kwa moja kwa hatua zilizopangwa. Matokeo yalipotolewa mwaka 1977, njia ya hatua zilizopangwa iliongoza katika kusoma na hesabu. Kilichowashangaza wengi ni kwamba watoto wake hawakuwa nyuma hata katika kujithamini, eneo ambalo watu wa kiutu walilihesabu kuwa lao. Tathmini ile ilibishiwa sana, hasa vipimo vyake, na ubishi haukukosa msingi. Lakini mtoto anayeweza kusoma hujiona anaweza, na hilo nimelishuhudia kwa macho yangu. Kenya nayo, ilipoanza programu ya Tusome mwaka 2015, ilikwenda njia hiyohiyo: kila mtoto na kitabu chake, kila mwalimu na mwongozo wa somo kwa somo, na mtu wa kumtembelea darasani na kumshauri. Mwaka huohuo Tanzania ikapunguza masomo ya Darasa la Kwanza na la Pili ili muda uende kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu.

Kwa darasa la watoto themanini kuna sababu nyingine, ya kimwili kabisa. Siwezi kusikiliza watoto themanini mmojammoja. Lakini nikisema "andikeni *tembo*", kila mmoja akaandika kwenye kibao chake na kukiinua juu, kwa kutupa jicho mara moja nimewajua waliopata na waliokosa, na wao wamejijua. Mashine ya Skinner bila umeme.

Rogers simtoi nje hata hapo. Mtoto aliyekosea mbele ya wenzake anatazama uso wa mwalimu kabla ya kutazama ubao.

Akishajua kusoma

Upepo unageuka kuanzia Darasa la Nne hivi. Ukiendelea na hatua ndogo na zawadi ndogo unapata mwanafunzi hodari wa kujaza nafasi zilizoachwa wazi, ambaye ukimuuliza "wewe unaonaje?" anatazama chini. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule itoe mtu mwenye akili ya kudadisi, anayeweza kujifunza kutokana na wanayofanya wengine, na anayejiamini kuwa ni huru na sawa na wenzake. Sijui kibao gani utakiinua ili uone hayo.

Njia ya Rogers niliyoijaribu ni mkataba wa kujifunza. Mwanafunzi anaandika anataka kujua nini, atakitafuta wapi, kwa muda gani, na atajuaje kwamba amekijua. Mwalimu anasaini, naye anasaini. Niliufanya na Darasa la Sita kwenye mada ya maji. Kundi moja liliandika: "Tunataka kujua kwa nini maji ya kisima cha juu yana chumvi na ya bondeni hayana." Walikwenda kwa wazee, walikwenda kwa fundi aliyechimba kisima, wakarudi na majibu mawili yanayopingana, na hawakukubali niwaamulie.

Lakini niseme na gharama yake. Mada ya vipindi vinne ilikula wiki tatu. Kelele zilimfikia mwalimu mkuu. Makundi mawili kati ya kumi hayakuleta chochote, kwa sababu uhuru kwa mtoto aliyezoea kuamriwa siku zote ni sawa na likizo. Na mtihani wa Taifa ulipofika haukuuliza habari za visima vyetu. Kwa hiyo mkataba naufanya mara moja kwa muhula, kwa mada moja, na miezi mitatu ya mwisho kabla ya mtihani naurudia mtindo wa Skinner: maswali mafupi, majibu papo hapo, marudio ya mara kwa mara. Mzazi aliyeuza mbuzi kwa ajili ya mtoto afaulu hawezi kuelezwa habari za Rogers mwezi wa Julai.

Hutajwa sana Summerhill, shule ya bweni ya Uingereza iliyoanzishwa na A. S. Neill mwaka 1921, ambako kuingia darasani si lazima na kanuni hupitishwa kwa kura, ya mtoto na ya mwalimu zikiwa na uzito mmoja. Ni shule ndogo sana, ya kulipia, na kumweka mtoto wa shule ya kata katika mpango ule ni kumpotezea mwaka. Mkutano wa kura, hata hivyo, haugharimu kitu. Darasa langu lilipitisha kanuni saba. Ya kwanza ilikuwa mwalimu naye asichelewe. Nimefungwa nayo mpaka leo.

Kuhusu Maslow sina maneno mengi. Mwenye njaa hasomi. Mpango wa chakula cha shule jijini Nairobi, Dishi na County, ulioanza mwaka 2023 kwa mzazi kuchangia shilingi 5 kwa sahani, umefanya kazi ya Maslow kuliko mabango yote ya piramidi. Ukiwa na fedha za jambo moja tu, nunua unga wa uji.

Wanafunzi watu wazima

Hapa ushindani ni mdogo. Malcolm Knowles, Mmarekani aliyeandika sana juu ya kuwafundisha watu wazima, alisema mtu mzima hujifunza akijua kwa nini anajifunza, akiheshimiwa kwa uzoefu alionao, na akiona somo linagusa shida aliyo nayo leo. Mpe mama wa miaka hamsini nyota ya karatasi uone atakavyokutazama.

Tanzania tulilifanya hilo kwa ukubwa ambao nchi chache zimeufikia. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi: wanasikiliza redio pamoja, kiongozi anasoma kijitabu, wanajadili, kisha wanakwenda kuchimba choo au kufyeka kando ya nyumba. Kuna atakayesema ile ilikuwa kampeni ya Serikali, kila mada ilikwisha kupangwa Dar es Salaam, na Rogers angeguna. Ni kweli. Ila sehemu iliyofanya kazi ilikuwa ni ile ya katikati, watu kukaa chini ya mwembe na kuulizana "kwetu hapa malaria inatoka wapi?"

Maktaba

Sasa nirudi kwenye chumba changu, maana hapa ndipo msimamo wangu wa kwanza ulipopona. Darasa lina muhtasari, lina kengele, lina mtihani. Maktaba haina hata kimoja. Anayeingia ameingia na swali lake au na uvivu wake, na hakuna anayemsahihisha. Ukiipeleka nadharia ya tabia humo unaharibu.

Watu wa maktaba walilijua hilo kabla ya Rogers. Mwaka 1931 S. R. Ranganathan, mwalimu wa hesabu wa Madras, India, aliyegeuka mkutubi, alitoa kanuni zake tano, na ya kwanza ni kwamba vitabu ni vya kutumiwa. Inaonekana jambo la wazi mno mpaka uhesabu shule ambazo vitabu vyake viko kwenye kabati la mwalimu mkuu, vimefungwa kwa kufuli, visije vikachakaa kabla mkaguzi hajaviona. Ya pili ni kila msomaji na kitabu chake, ya tatu kila kitabu na msomaji wake. Huduma ya maktaba ya taifa ya Kenya ilipoanza mwaka 1996 kupakia vitabu kwenye ngamia kuwafuata wafugaji wa Garissa, ilikuwa inaitii kanuni ya pili kwa miguu minne.

Chati ya nyota tuliyobishania ina jibu lake, nalo ni la mwaka 1973. Mark Lepper na wenzake, Marekani, walichukua watoto wa chekechea waliokuwa wakipenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti chenye utepe wakichora. Wengine walipewa cheti bila kuahidiwa. Wengine hawakupewa kitu. Siku kadhaa baadaye, rangi zilipowekwa tena mezani bila ahadi yoyote, wale walioahidiwa walikuwa wamepoa: muda waliotumia kuchora ulikuwa kama nusu ya ule wa wenzao. Waliopewa bila kutegemea hawakudhurika. Kwa hiyo mtoto asiyependa kusoma, au asiyeweza, nyota inaweza kumsogeza. Yule ambaye tayari anapenda, nyota inamfundisha kwamba kitabu ni kazi ya kulipwa. Na maktabani wanaokuja kwa hiari ni hao hao wanaopenda.

Faini ni upande wa pili wa nyota. Hesabu inasema faini itarudisha kitabu. Kinachotokea ni kwamba mtoto asiye na mia tano anakificha kitabu chini ya godoro na hatii mguu tena. Maktaba za umma za Chicago zilifuta faini za kuchelewesha mwaka 2019, na za jiji la New York zikafuta mwaka 2021, baada ya kuona kwamba waliofungiwa kadi kwa madeni walikuwa zaidi wa mitaa maskini, wale hasa waliohitaji maktaba. Mimi faini ilinishinda mapema zaidi, kwa sababu hapakuwa na wa kulipa.

Jambo la mwisho ni woga, na nadhani ndilo kubwa. Mwaka 1986 Constance Mellon alichapisha utafiti wa wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani: asilimia 75 hadi 85 walieleza mara yao ya kwanza kutafuta kitu maktabani kwa maneno ya woga. Jengo kubwa, hawajui waanzie wapi, wanaona aibu kuuliza kwa kudhani wenzao wote wanajua. Kama hao ni wanachuo, mkulima anayeingia maktaba ya mkoa na kandambili zake anahisije? Hapa yale mambo matatu ya Rogers ni kazi halisi ya mkutubi, tena ya kila saa. Asiinue macho kutoka kwenye rejista kana kwamba amesumbuliwa. Aitikie shikamoo. Asiulize "unataka kitabu gani?", kwa sababu mtu hajui kitabu gani, aulize "unahangaika na jambo gani?" Mtu aliyekuja kuomba "kitabu cha sheria" akiulizwa hivyo husema mwenye nyumba anataka kumtoa, na hapo ndipo unapojua umpelekee nini. Akijibu "sijui", apewe nafasi ya kuzungukazunguka kwenye rafu bila mtu kumfuata nyuma.

Kuna sehemu moja tu ya maktaba ninayompa Skinner: kumfundisha mtu kutumia katalogi, yaani orodha ya vitabu vilivyomo, na namba za rafuni. Hilo nalo ni mapatano, kama herufi. Hatua tano fupi, ajaribu mwenyewe, aambiwe palepale. Dakika kumi zinatosha.

Ijumaa siku hizi

Chati ya nyota imehamia Darasa la Kwanza, inahesabu silabi zilizoshikwa, na mwisho wa muhula inashushwa. Wale kumi na mmoja wa Darasa la Tatu walikuwa wakija kwangu nusu saa kabla ya wenzao, kwa vibao na *ba be bi bo bu*, mpaka nane kati yao wakaweza kukaa mkekani na kitabu kweli. Watatu bado tunahangaika nao.

Mmoja wa wale nane anaazima kitabu kilekile cha mpira kila Ijumaa. Wiki ya tano nilinyoosha mkono nimpe kingine, chenye maneno mengi zaidi. Mwenzangu wa Darasa la Kwanza alikuwa amesimama mlangoni, ananisubiri tukanywe chai.

"Dada," akasema, "muache."